Mama Alinifungia Kufuli Siku Niliyopanga Kuzamia Pangoni

Kufuli… Mama yangu mzazi alinifungia ndani kwa kufuli!

Sio mama wa kambo. Sio mama mkwe. Aliyenizaa na kuninyonyesha ndiye aliyesimama nje ya mlango saa kumi na mbili asubuhi, nikasikia kaa! Kufuli limeingia.

"Mama?"

Nikagonga mlango.

"Mama, unanifungia?"

"Leo hutoki, Nyamburi."

"Mama, fungua! Mtu ananisubiri barabarani!"

"Akusubiri hadi achoke. Mimi naenda kanisani."

Na kweli akaenda! Nikasikia viatu vyake vya Jumapili vinakanyaga changarawe, mdogo mdogo, anaimba pambio. Ufunguo najua alipouweka. Kifuani. Hapo hata polisi hawaingizi mkono.

Ndugu zangu mnaosoma, ngoja niwape mkanda mzima, maana najua kuna watakaokuja kwenye komenti kusema mzazi hakosei. Someni kwanza, halafu ndio mje na hizo aya zenu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda changu Mukendo, Musoma mjini. Wanaonijua wanajua mdomo wangu, na wasionijua leo watanijua. Ile Jumapili nilikuwa nimelala kwa mama kijijini, wilaya ya Butiama, kwa sababu moja tu. Nilikuwa nimepanga kwenda pangoni.

Huko kwetu kuna pango la maji. Liko katikati ya mawe makubwa, njia ya kuelekea Buhemba. Unaingia kwa kuinama, halafu ndani panafunguka, unakuta maji yametulia, ya bluu hadi unaona aibu kuyachafua. Vijana wanaendaga kuogelea kule Jumapili. Wanapanda jiwe la juu wanajirusha, chubwi! Wengine wanazamia wakitafuta chini palipo.

Miaka miwili iliyopita, kaka yangu Wanzagi alijirusha kutoka kwenye lile jiwe.

Hakuibuka.

Aliyeleta habari ni rafiki yake, Silasi. Alikuja mbio nyumbani kwa mama, analia, ameshika suruali na viatu vya Wanzagi. "Amezama! Nimemuona kwa macho yangu amezama!"

Watu wakaenda na kamba, na ndoano, na miti mirefu. Siku tatu! Hawakupata hata kidole. Wazee wakasema chini ya pango kuna mlango wa maji unaotokea ziwani, basi Wanzagi amechukuliwa na mlango huo. Na wengine wakasema maneno mabaya zaidi. Kwa sababu siku mbili kabla, kule machimboni Buhemba, duara la dhahabu, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa limeporomoka likamfukia kijana mwenzao, Yakobo. Na Wanzagi ndiye alikuwa mtu wa matimba, yale magogo yanayozuia udongo usianguke. Kwa hiyo watu wakaropoka: "Damu ya Yakobo imemvuta majini."

Mimi kaka yangu namjua. Mtu aliyekuwaga anakagua hata mguu wa kiti kabla hujakikalia! Ndiye aache matimba mabovu? Nikakataa. Nikagombana na nusu ya kijiji palepale msibani.

Sasa, kwao mama ni Rorya. Kule mtu akipotea majini na mwili usipatikane, kaburi haliachwi wazi. Linakatwa tunda la mwegea, lile refu zito, linazikwa badala ya mtu. Baba alishafariki, na ukoo wa baba wakamwachia mama aamue. Tukalizika tunda. Nikanyoa nywele zangu zote kwa ajili ya tunda, jamani! Nikatupa udongo juu ya tunda, nikaanguka nikazimia juu ya kaburi la tunda.

Lakini moyo wangu ukakataa kabisa. Nikasema mimi nitaingia humo pangoni mwenyewe. Nataka kuzika mfupa wa ndugu yangu.

Nilipanga kwa miaka miwili.

Kwanza kuogelea sikujua. Nimezaliwa Mara, ziwa liko pale naliona kila siku, lakini nikizidi magoti napiga kelele. Nikamtafuta Nassibu. Huyu Nassibu ni mzamiaji pale Musoma. Mashine ya mtumbwi ikidondoka ziwani, au nyavu zikinasa kwenye mawe, anaitwa yeye. Anashuka kwa pumzi zake tu, na miwani na tochi ya kwenye maji.

Nikamwambia shida yangu. Akaweka chini nyavu alizoshika.

"Dada Nyamburi, maiti ya miaka miwili si kitu cha kuangalia."

"Kaka Nassibu, sijakuuliza habari ya kuangalia. Nimekuuliza unanifundisha au hunifundishi."

Akacheka. "Una mdomo wewe."

"Ninao. Jibu."

Akanifundisha. Miezi mitano! Nimekunywa maji ya ziwa mpaka nikawa naota nyavu. Wateja wakanicheka, fundi ananuka sato siku hizi. Nikasema chekeni. Nikaandika orodha yangu kwenye karatasi ya kukatia kola: kamba mbili, tochi mbili, mwezi wa nane maji yakiwa yamepungua, ruhusa ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti nikampigia, akakubali, akasema tu tusiende na pombe.

Kosa langu likawa moja. Jumamosi jioni nilimwambia mama.

Mama alikuwa anachambua mboga. Mikono ikasimama.

"Lile kaburi lilifungwa, Nyamburi."

"Lilifungwa na tunda, mama."

"Ukilifungua unaita maiti ya pili! Unanisikia? Ya pili!"

Nikadhani ni hofu ya mila. Nikaenda zangu kulala. Wakati najifunika, simu ikaita, mteja wangu wa Bunda, anaitwa Dafroza, anaulizia shati la mume wake limefikia wapi. Nikamjibu hovyo: "Wiki ijayo dada, nina msiba wangu wa zamani naumalizia." Akasema pole, akakata haraka.

Asubuhi ndio hilo kufuli.

Nilipiga mlango teke. Nikaumia mimi. Dirisha lina nondo. Nikakaa chini, nikalia kidogo, halafu hasira zikanipanda. Nikasema Nyamburi, wewe ni fundi au si fundi? Fundi hasafiri bila mkasi!

Nikaangalia mlango vizuri. Kufuli liko nje, sawa. Lakini bawaba ziko ndani! Skrubu sita. Nikatoa mkasi wangu, ncha ikaingia kwenye skrubu ya kwanza, nikazungusha. Ikalia, ikatoka. Ya pili. Ya tatu. Ile ya sita ilinichubua viganja vyote viwili. Mlango ukaning'inia upande mmoja na kufuli lake, nikapita pembeni.

Nikauacha vilevile auone!

Nassibu nilimkuta barabarani anakunywa uji kwenye pikipiki yake.

"Umechelewa."

"Nilifungiwa."

"Na nani?"

"Washa pikipiki, kaka."

Akawasha.

Pangoni kulikuwa kutupu. Nikavua ndala, nikabaki na suruali ya mazoezi na fulana. Nassibu akafunga kamba moja kiunoni kwake, nyingine kwangu, ncha zote akazifunga kwenye shina la mti lililo mdomoni mwa pango. Akanikumbusha: ukivuta mara moja nakupa kamba, mara mbili nakutoa.

Akatangulia yeye. Nikawa nahesabu moyoni. Akaibuka, akapumua, akashuka tena. Mara ya nne akatoka akakaa kwenye jiwe, miwani kapandisha kichwani, haniangalii usoni.

"Dada."

"Umemuona?"

"Chini ni karibu. Pima tatu hazifiki. Mchanga mweupe, mtupu. Hata mfupa wa samaki hakuna."

"Na ule mlango wa kwenda ziwani?"

Akakuna kidevu. "Nenda ukauangalie mwenyewe, usije ukasema Nassibu kanidanganya."

Nikashuka. Masikio yanauma, lakini nikashuka. Nikagusa mchanga. Tochi ikanionyesha ukuta wa mawe, nikaufuata kwa mkono hadi nikakuta huo mlango wanaouimba miaka yote.

Ni ufa, ndugu zangu! Ufa! Nikaingiza mkono, ukaishia kwenye kiwiko. Kichwa cha mtoto hakipiti pale. Apite Wanzagi mwenye mabega kama kabati?

Nikavuta kamba mara mbili.

Nilipotoa kichwa nje ya maji nikakuta watu wawili mdomoni mwa pango. Nassibu… na Silasi!

Silasi kasimama, jasho linamtoka, simu iko mkononi. Kumbe mama alikuwa amemwambia alinde ile njia. Katuona tunapita, kashampigia.

"Dada Nyamburi, toka humo. Mama anakuja."

"Silasi, sogea hapa."

"Dada, toka tu…"

"Nimesema sogea! Niangalie usoni. Siku ile ulimuona kaka yangu anazama?"

"Nili… nilimuona."

"Alizama akaenda wapi?"

Akatazama simu yake.

"Silasi! Chini ni mchanga na ufa wa kuingiza kiwiko! Alizama akaenda wapi?"

Mwanaume mzima akakaa chini akaanza kulia. "Muulize mama yako. Mimi niliapa."

Nikasikia mtu anahema akipanda mawe. Mama! Na gauni lake la kanisani, kitambaa kimeanguka mabegani, kiatu kimoja kakishika mkononi. Hakuangalia kamba wala hakumwangalia Nassibu. Alinijia mimi.

"Umeona? Hayupo. Umeridhika? Sasa nyamaza. Utoke hapa unyamaze kabisa!"

"Sinyamazi, mama."

"Nyamaza, Nyamburi!"

"Sinyamazi! Nitamwambia mwenyekiti, nitaandika mtandaoni, nitasimama sokoni niseme kaka yangu hayumo humu!"

"Utamuua!"

Akajiziba mdomo.

Nadhani hata maji yaliacha kutikisika. Nassibu akainamisha kichwa.

"Nitamuua nani, mama?"

Akanigeuzia mgongo.

"Mtu anakufa mara ngapi?"

Mama akakaa juu ya jiwe, akaanza kujipigapiga mapaja taratibu, machozi yanashuka bila sauti. Na hapo ndipo nilipoujua ukweli.

Siku duara lilipoporomoka, vijana wa machimbo walitoka na mapanga wanamtafuta Wanzagi. Ndugu wa Yakobo wakiwa mbele. Alifika kwa mama kakatwa sikioni, anavuja damu. Mama akamficha ghalani. Akawaza. Mtu anayekimbia anafuatwa hadi mwisho wa dunia. Mtu aliyekufa hafuatwi. Akamwita Silasi, akampa suruali na viatu.

"Nililizika lile tunda ili wao wamzike mioyoni," mama akasema. "Wangemuua, mwanangu. Wangemuua mbele yangu."

Jamani, nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumrusha majini, vyote kwa pamoja.

"Na mimi? Mimi nilinyoa nywele, mama! Mimi nilizimia! Miaka miwili nanunua maua ya tunda!"

"Wewe mdomo wako mimi naujua."

Hee! Hilo liliniuma, kwa sababu ni kweli.

"Yuko wapi?"

"Sikwambii. Hata unichinje."

Nikaanza kuvaa ndala. Na hapo likanijia jambo moja la siku ya msiba. Desturi ya kule kwao mama ni kwamba lile tunda linavikwa shati alilovaa marehemu, lenye jasho lake. Mama alilivika shati jipya! Nililikata mimi mwenyewe, Wanzagi hajawahi hata kulijaribu, chaki yangu ilikuwa bado inaonekana kwenye kola. Nilidhani anamheshimu mwanae. Kumbe aliogopa kuvika jasho la mtu aliye hai kwenye kitu kinachozikwa.

Shati…

Nikasimama na ndala moja.

Wanzagi alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akiwa darasa la pili. Mkono wa kushoto ukaunga vibaya, ukabaki mfupi. Mashati yake yote mimi ndiye nashonaga: mkono wa kulia inchi ishirini na nne, wa kushoto ishirini na mbili na nusu.

Na kuna mteja mmoja tu mwingine kwenye daftari langu la vipimo mwenye mikono ya hivyo. Mteja ambaye sijawahi kumpima. Vipimo vinaletwaga na mke wake kwa simu. Nilimshonea mashati matatu! Lile la kwanza nililia juu ya cherehani, nikasema kumbe duniani kuna mtu mwingine mwenye mkono kama wa kaka yangu.

Nikamgeukia mama. Nikasema neno moja tu.

"Bunda."

Nawaambieni ukweli, sura ya mama iliyeyuka.

"Nani kakwambia?!"

"Tepu, mama. Tepu ndio imeniambia."

Mama alinishika fulana, nikamwambia siendi kumtangaza, naenda kumuona. Silasi akamshika mkono. Nassibu hakutaka hata hela ya mafuta, alinipeleka hadi Bunda na nywele zikiwa bado zinachuruzika. Njiani nikampigia Dafroza.

"Dada Dafroza, shati limeisha. Nakuletea. Nielekeze."

"Oh! Usisumbuke dada, tuma tu kwa basi…"

"Nielekeze, dada."

Nyumba iko nyuma kidogo ya mji, karibu na mashamba ya pamba. Dafroza akafungua mlango na mtoto mgongoni. Alivyoniona mikono mitupu, hamna shati, akaelewa. Akapisha njia.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda anakoboa mahindi. Sikio moja halina ncha. Kavaa shati langu la pili, lile la drafti.

Akasimama. Mahindi yakamwagika.

"Nyamburi…"

Nikampiga kofi! Nikampiga la pili. La tatu likashindikana, kwa sababu mikono ilishamkumbatia yenyewe. Tulilia pale hadi mtoto naye akaanza kulia mgongoni mwa mama yake, wifi yangu ambaye nilikuwa naongea naye kwa simu mwaka mzima bila kujua ni wifi.

"Mafundi wamejaa Bunda hapa," nikamwambia. "Kwa nini uagize kwangu? Ulitaka nikukamate?"

Akafuta pua na ile mikono ya shati.

"Nilitaka kuvaa kitu kilichotoka mikononi mwako. Basi tu."

Nikamwambia twende nyumbani. Akatikisa kichwa. "Ndugu wa Yakobo wapo. Dada, mimi niliwaambia yale magogo yasiguswe. Mwenye duara akanituma dukani kununua misumari. Narudi nakuta pameporomoka. Nani atanisikiliza?"

"Umejaribu?"

"Hukuyaona mapanga wewe."

Hapo wengi wenu mngesema basi, kaka yuko hai, mshukuru Mungu, mkae kimya. Mimi nikasema hapana! Yaani kaka yangu aishi kama panya hadi afe mara ya pili? Kwa kosa gani? Na mimi nikaendelee kupalilia kaburi la tunda? Haiwezekani.

Keshoye asubuhi nikapanda kwenda Buhemba. Peke yangu. Nassibu alitaka kunisindikiza, nikakataa. Mama alipiga simu mara kumi na tisa, sikupokea.

Sikwenda kusema Wanzagi yupo hai, sina wazimu. Nilienda kama dada wa marehemu.

Mama yake Yakobo anaitwa Yunis. Nilimkuta anaanika mihogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni Nyamburi. Dada yake Wanzagi. Nimekuja kutoa pole ya Yakobo. Sikuwahi kuitoa."

Chano kikamponyoka. Nikajikaza, nikajua sasa nafukuzwa, au naitiwa vijana. Nikasimama palepale. Nikasema moyoni anayetaka kunikata anikate.

Yunis akapiga magoti. Mama wa watu, mtu mzima, akapiga magoti mbele yangu kwenye vumbi!

"Mwanangu, sisi ndio tunaowadai… hapana, nasema nini mimi… ninyi ndio mnatudai radhi."

"Mama, inuka…"

"Baada ya arobaini ya Yakobo, mchimbaji mwenzao mmoja alikuja hapa. Roho ilimsuta. Akasema mwenye duara ndiye aliyeng'oa magogo kwa mkono wake, akayapeleka kwenye duara lake jipya. Akasema kaka yako aligombana naye asubuhi ile, mbele ya watu. Na sisi tulikuwa tumeshamkata sikio! Tukamfukuza mpaka akajitupa majini! Miaka miwili silali, mwanangu. Kijana wa watu nimemuua kwa ulimi wangu."

Nilikosa hewa kuliko kule chini ya maji.

"Mama… kwa nini hamkuja kutuambia?"

Akaniangalia kwa mshangao.

"Nimekuja. Mara mbili! Nimebisha hodi kwa mama yako. Mara ya kwanza alichungulia dirishani akafunga. Mara ya pili nilikaa nje kwenye jua hadi mchana. Hakunifungulia. Nikajua ana haki ya kunichukia."

Mnaona, wapendwa? Mnaona?!

Wanzagi alikuwa huru tangu arobaini ya Yakobo. Karibu miaka miwili yote aliyojificha, ya kutotembea mchana, ya mtoto wake kutojua bibi yake… uhuru wake ulikuwa umekaa nje juani unabisha hodi. Na mama akaufungia mlango kwa mikono yake, akidhani ni panga limekuja.

Nikamshika Yunis mkono nikamwinua.

"Mama, Wanzagi angekuwepo, ungemwambia nini?"

"Ningemwomba anisamehe mara moja tu, halafu hata nife."

"Basi chukua kanga yako. Usife. Twende."

Sitaandika yote yaliyotokea kule Bunda, mengine ni ya familia. Niseme tu Yunis alimshika Wanzagi lile sikio lisilo na ncha, akalishika muda mrefu, na kaka yangu akamwita mama. Mama yangu mimi, niliyempigia simu njiani aje, alikuwa amesimama mlangoni. Alipolisikia la zile hodi mbili, akaanza kuteleza chini ya mlango, Dafroza akamdaka.

Kazi ilikuwepo baada ya hapo, msidhani ilikuwa sherehe tu. Mwenyekiti alitufokea kweli kweli kwa kuzika uongo, tukaandika maelezo, Silasi akaandika ya kwake. Lile kaburi la tunda Wanzagi alilifukua mwenyewe, mchana kweupe, kijiji kizima kinaangalia, ndivyo wazee wa Rorya walivyoelekeza. Tunda lilikuwa limeoza. Shati lilibaki vipande, na kwenye kola chaki yangu ilishafutika.

Mwenye duara? Alihama siku nyingi. Ila jina lake limeandikwa kwenye maelezo ya watu watatu, na mimi nafuatilia. Anijue vizuri.

Mama alikaa wiki nzima haongei na mimi. Halafu siku moja akaja Mukendo, kibandani kwangu, akaweka kitu juu ya meza ya kukatia.

Kufuli. Na ufunguo wake.

"Lichukue," akasema. "Mimi mlango wangu nitaurudishia tu."

"Na bawaba?"

"Bawaba utakuja kuzifunga mwenyewe, mshenzi wewe."

Tukacheka hadi wateja wakachungulia. Lile kufuli nalitumia kukandamizia kitambaa nikikata. Ni zito, zuri kwa kazi.

Somo langu ni hili, na mnaweza kulikataa. Mzazi anakosea. Anakosea kwa sababu anakupenda, na hilo ndilo linalofanya kosa lake liwe gumu kuligusa. Ukiona jambo halikuingii akilini, uliza. Wakikufungia mlango, angalia bawaba ziko upande gani. Na wewe unayejificha nyuma ya mlango, mtu akibisha hodi mara ya pili, walau muulize amekuja na nini.

Jumapili hii tunaenda pangoni. Nimeshaandika orodha yangu kwenye karatasi ya kola. Nassibu anakuja na miwani mitatu. Wanzagi kasema anajirusha kutoka jiwe la juu, safari hii aibuke watu wamuone. Dafroza anabeba chakula, Yunis analeta mihogo.

Mama naye anakuja. Kasema haingii majini hata kwa dawa, atakaa juu ya jiwe. Nikamuuliza atafanya nini pale juu.

"Nitashika kamba," akasema.